Kupunguza kwa Mia: Uliza Kwanza, Mia ya Nini?

Katika kijiji cha Dabaso, karibu na Gede na Watamu, wako watu wanaopata riziki yao kwa kuvua kaa na samaki katika hori ya Mida. Mvuvi huleta kaa wake, wakapimwa, bei ikatajwa, kisha huenda akaambiwa, "Tunapunguza kumi kwa mia." Asiyeijua hesabu hii hupokea anachopewa, wala hajui kama amepata haki yake au amepunjwa. Basi yafaa kila mtu, wa shamba na wa mjini, aifahamu, maana si ngumu.

Asilimia, au "kwa mia", maana yake ni sehemu ngapi katika kila mia. Tuseme mvuvi ameuza kilo 6 za kaa kwa Sh. 500 kila kilo. Jumla ni Sh. 3,000. Kumi kwa mia ya fedha hizo ni 3,000 mara 10, ukagawanya kwa 100, yaani Sh. 300. Zinabaki Sh. 2,700. Iko na njia fupi: ukiondoa 10 katika 100 hubaki 90, basi zidisha 3,000 kwa 90, ugawanye kwa 100. Jibu ni lile lile.

Sasa angalia vema. Tuseme mapatano yasema kwamba dalali atachukua 10 kwa mia, na katika fedha zitakazobaki, chama kitaweka akiba 20 kwa mia. Wengi hujumlisha 10 na 20, wakaondoa 30 kwa mia, na mvuvi akapewa Sh. 2,100. Hilo ni kosa. Ile 20 ni ya Sh. 2,700, si ya Sh. 3,000. Akiba ni Sh. 540, na mvuvi anastahili Sh. 2,160. Hapo amepoteza Sh. 60 kwa mzigo mmoja tu. Na akiuza kila siku, hasara yake itakuwa kubwa.

Vile vile, bei ikishuka kwa 20 kwa mia kutoka Sh. 500, huwa Sh. 400. Ikipanda tena kwa 20 kwa mia, hairudi Sh. 500, bali hufika Sh. 480, kwa kuwa sasa yahesabiwa juu ya 400. Ili irudi ilikokuwa, lazima ipande kwa 25 kwa mia.

Kosa hili huonekana pia katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo watu huiita VAT. Nchini Kenya kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa mia. Ukinunua bati kwa Sh. 1,160, kodi ikiwa ndani, usiondoe 16 kwa mia ya 1,160, kwani utapata Sh. 974.40, na hiyo si bei ya bati. Kodi iliongezwa juu ya bei ya kwanza. Kwa hiyo gawanya 1,160 kwa 116, kisha zidisha kwa 100. Bei ni Sh. 1,000, na kodi ni Sh. 160.

Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Serikali ya Kenya iliishusha kodi hiyo kutoka 16 hadi 14 kwa mia, ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Je, bati lile lilipaswa kupungua kwa 2 kwa mia ya Sh. 1,160, yaani Sh. 23.20? Sivyo. Lilipaswa kuuzwa Sh. 1,140, yaani pungufu ya Sh. 20, kwa kuwa zile 2 ni za bei isiyo na kodi.

Basi, msomaji, kila usikiapo "tunapunguza kwa mia", usikubali upesi. Uliza: mia ya nini? Ya jumla, au ya kilichobaki? Kabla ya kodi, au baada yake? Mapatano yaandikwe hivyo, na hesabu ifanywe mbele yako. Mali bila daftari hupotea bila habari.