Mvuvi wa Jumamosi



Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limenifanya nichekwe na majirani kwa miaka sita sasa. Mimi ni mkazi wa Kunduchi. Kutoka mlangoni kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Pale Kunduchi Pwani, wanaume ambao babu zao walikuwa wavuvi hushusha changu, tasi na vibua kila asubuhi, na akina mama wa kukaanga huwasubiri wakiwa na ndoo na mabeseni. Mtu wa Kunduchi akitaka samaki huenda huko na fedha yake. Mimi, kila Jumamosi alasiri, huchukua mwanzi wangu, kopo la nyungunyungu na kigoda, nikaipa bahari kisogo, nikapanda juu kuelekea kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Nakwenda kuvua perege wasiozidi kiganja.

"Mwanangu," aliniuliza mzee mmoja aliyezeekea baharini, "bahari yote ile imekukosea nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo nitajaribu.

Kwanza niwaeleze hilo shimo, maana msikilizaji wa Temeke au Magomeni huenda hajafika huku. Ardhi ya upande huu ina mawe ya chokaa. Ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa pale Wazo na kuanza kazi mwaka 1966, na ndiyo sababu kwa miaka mingi watu wa Kunduchi wamechimba mawe kwa mitaimbo na kuyaponda kwa nyundo yawe kokoto. Mawe yakiisha, au maji yakianza kuchuruzika chini, wachimbaji huhama. Masika yakija, shimo linajaa. Siku moja mtu asiyejulikana anapita na ndoo yenye perege kumi, anawamwaga, anakwenda zake. Baada ya mwaka mmoja una bwawa lenye samaki, na halina mwenyewe.

Vifaa vyangu havitishi. Mwanzi wa mita tatu, mshipi wa nailoni wa urefu uleule, kipande cha risasi kama punje ya choroko kiwe chubwi, ndoano ndogo, na boya. Boya langu ni kipande cha ndala iliyokatika. Nimekichonga umbo la kokwa ya tende, nacho hakijawahi kuniangusha. Anayeanza mchezo huu hukosea dukani, akidhani namba kubwa ya ndoano ni ndoano kubwa. Kumbe ni kinyume, namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Nilirudi nyumbani na ndoano za kuvulia papa, nikashangaa wiki tatu kwa nini perege wananilia chambo bure.

Basi unakaa. Boya linaelea. Hakuna linalotokea. Kereng'ende anatua juu ya mwanzi, anaondoka, anarudi. Halafu boya linakonyeza. Ni hivyo tu, kama jicho. Perege hamezi kwa pupa. Huja, akavuta chambo mdomoni, akakitema, akakivuta tena. Ukinyanyua mapema unavuta maji matupu, na ukichelewa unavuta ndoano tupu. Kati ya hapo pana nafasi ndogo kama ya kupiga makofi, na katika nafasi hiyo, nawaapia, mtu husahau ada ya shule, kodi ya nyumba na foleni ya Mwenge.

Hiyo ndiyo raha yenyewe, na sitaipamba zaidi. Kero ndizo zina maneno mengi, nami nimegundua kuwa karibu kila kero ina sababu yake mle majini.

Chukua hii ya kwanza. Unafika alfajiri kwa bidii, ukiamini kwamba anayewahi ndiye apataye. Samaki unawaona kabisa, wako juu, midomo nje, wanatafuna hewa. Unawatupia donge la ugali mbele ya pua, hawaligusi. Nilidhani wana dharau. Sababu ni hewa. Maji ya kijani ya shimo yamejaa mimea midogo sana isiyoonekana kwa jicho. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo huongeza oksijeni majini. Usiku haiongezi kitu, nayo inatumia iliyopo, pamoja na samaki na matope ya chini. Kunapopambazuka ndipo maji yana hewa kidogo kuliko saa yoyote. Samaki anayetafuta pumzi hana habari na ugali wako. Tangu nilipoelewa hivyo sijatoka tena alfajiri. Nalala, nakwenda saa tisa alasiri.

Kero ya pili. Kuna majuma ambapo perege wakubwa kidogo hupotea ghafla, ukavua vitoto tu. Hapa inabidi mjue tabia ya perege wetu, huyu wa Ruvu, Wami na Rufiji. Dume huchimba kijishimo cha duara katika mchanga au matope na kukilinda kwa ukali. Jike hutaga pale, kisha huyakusanya mayai yote mdomoni mwake. Yanaanguliwa humohumo, na vitoto vikianza kuogelea vikashtuka, hurudi kujificha humohumo. Siku kumi na zaidi mama huyu halishi. Atameza vipi, na watoto wamo kinywani? Hata ukimwekea nyungunyungu mnono namna gani, hana pa kumpitisha. Nilipoisoma habari hii nilijisikia vibaya kwa matusi niliyokuwa nikiyanong'ona ukingoni.

Malezi hayo mazuri ndiyo chanzo cha kero ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote: samaki hawakui. Kwa kuwa mama analinda watoto kinywani, wengi wanapona. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na katika maji ya msongamano huanza akiwa na urefu wa kidole. Shimo dogo, chakula kilekile, midomo elfu. Matokeo yake kila mmoja anadumaa. Wapo wanaofikiri kuwa ukimrudisha mdogo majini atakua ukutane naye mwakani. Katika shimo kama langu ukimrudisha unaongeza njaa tu. Afadhali umchukue ukamkaange mkavu, umtafune na miiba yake.

Wafugaji wa samaki wanaijua taabu hii, na ufumbuzi mmoja ulihusu samaki wa kwetu. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, Hickling, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Malacca, huko Malaya. Dume la perege aliyetoka Zanzibar alipokutanishwa na jike la perege wa Msumbiji, watoto waliozaliwa walikuwa madume watupu. Bwawa la madume watupu halizalishi msongamano, na samaki wananenepa. Tangu hapo dunia imekula perege wengi sana kwa ujuzi ulioanzia katika samaki wa Zanzibar, nasi huku tunashindana na wa kidole.

Ufumbuzi mwingine, wa zamani na rahisi, ni kumweka kambale awale watoto wa perege. Katika shimo letu yumo. Mmoja, au labda wachache, lakini watoto humwita "yule". Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake, kimechanua kama kichaka kidogo, cha kuvutia hewa ya nje moja kwa moja. Kwa hiyo maji yenye hewa kidogo hayamsumbui. Hupanda, akavuta pumzi, akashuka, ukaona mapovu. Usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya nyasi mbichi kutoka dimbwi moja hadi jingine, maadamu ngozi yake haijakauka. Hatafuti kwa macho bali kwa masharubu yake manane. Anakula jioni na usiku, hasa maji yakivurugika. Mara mbili amenikatia mshipi. Jirani yangu Msabato ananiambia nisihangaike, samaki asiye na magamba si chakula. Mimi namwambia kwamba kwanza nimpate, mambo ya chakula tutazungumza baadaye.

Kero za wanadamu nitazipitia haraka. Kuna mpita njia anayesimama nyuma yako na kuuliza, "Umepata?" Ukisema bado, anacheka. Ukisema wawili, anataka kuwaona, akiwaona anacheka zaidi.

Nimewahi kujaribu mahali pakubwa. Mwaka juzi tulikwenda na rafiki hadi Mlandizi, tukashuka mtoni Ruvu. Huo ndio mto unaotunywesha, kwani mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976, na maji ya bomba ya sehemu kubwa ya jiji hutoka huko. Mto ule una samaki wa kweli, hata yule mwenye meno ya nje kama msumeno ambaye wazungu wanamwita chui wa maji. Una pia mamba na viboko. Wenyeji walitukataza kukaa karibu na maji, tukakaa mbali, na mwanzi wa mita tatu haufiki mbali. Tulikula mihogo ya kuchoma, tukarudi na basi la jioni.

Lakini Ruvu ndiyo iliyonifanya nifikirie lile suala la ndoo. Wakulima wa samaki wa siku hizi wanapenda sato wa Ziwa Victoria kwa kuwa anakua upesi. Akitoroka mabwawani huingia mitoni na kuzaa na perege wa asili, na wataalamu wamekwisha kuwakuta machotara. Historia ya watu kumwaga samaki majini kwa furaha yao ni ndefu. Kenya, mwaka 1905, walowezi walileta mayai ya samaki aitwaye trauti wakamwotesha katika mto Gura, milima ya Aberdare, ili wapate mchezo wa kwao. Sangara alipopandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, baadhi ya waliomtaka walimtaka kwa ajili ya mchezo huohuo. Aina nyingi sana za furu zikatoweka. Mwenye ndoo hufikiri anamwaga samaki kumi tu.

Sasa nifike kwenye shimo letu, maana ndilo lililonileta leo mbele ya kinasa sauti.

Mwaka jana nilimpa mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, mshipi na ndoano. Alikuwa akija kukaa nami Jumamosi, kimya, kwa adabu, akilihesabu boya likikonyeza. Nilimwambia asije peke yake. Siku ya Jumatano alikuja peke yake. Ndoano ilinasa, kwa kuwa chini kuna matairi na vyuma vilivyotupwa, naye akashuka kuinasua. Ukingo wa shimo la kokoto si kama ukingo wa mto. Hauna mteremko. Ni ukuta, hatua moja unasimama na hatua ya pili huna chini. Akina mama waliokuwa wakiponda kokoto walisikia mshindo. Walifunga kanga mbili pamoja wakamrushia, na kijana mmoja wa mkokoteni akaruka ndani. Alitolewa mzima.

Mama yake alikuja kwangu magharibi. Hakupiga kelele. "Kaka," alisema, "mtoto alikuwa anafuata ndoano yako."

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Hoja ilikuwa shimo lifukiwe. Wapo waliopinga, kwa kuwa mafundi huchota maji pale ya kufyatulia matofali. Mwingine akakumbusha kuwa watoto wanaooga mle wanarudi na kichocho, maana konokono wamejaa kwenye majani ya ukingoni. Watu walinigeukia mimi, wakijua nitalitetea. Nilinyoosha mkono lifukiwe. Sikusema kitu, nao hawakuniuliza.

Yule mzee wa bahari ndiye aliyeuliza, "Na samaki je?" Basi Jumapili moja kabla ya malori kuanza, mtaa mzima ulikwenda kuvua, wengine kwa ndoano, wengine kwa vyandarua vya zamani. Tulitoa ndoo nne za perege, wote wa kiganja na kidole. Mzee alivua saba kwa mshipi wangu. Wa kwanza alimwangalia muda mrefu, akamgeuza, akasema, "Huyu mdogo ana ujanja." Akatia chambo kingine. Aliondoka mwanga ulipokwisha.

Kifusi kinakuja kidogokidogo, kwa fedha ya mchango. Hadi leo theluthi mbili imejaa, na kuna uzio wa miti na miiba kuzunguka sehemu iliyobaki, upana wake kama chumba na sebule. Kambale hakuonekana siku ile ya vyandarua. Jumamosi iliyopita nilisimama nje ya uzio, nikaona mapovu matatu yakipanda katikati. Mtoto alikuwa nami, nimemshika mkono. Akaniuliza kama mvua za vuli zitamkuta bado yumo, ili apate kutoka kwa miguu.