Utafutaji wa faili katika Linux

Utafutaji wa faili katika Linux ni kazi ya kupata hati iliyomo ndani ya kompyuta kwa jina lake au kwa maneno yaliyoandikwa ndani yake. Programu za kazi hii ni nyingi, ila kwa anayeandika Kiswahili hazifai kwa kiwango kimoja.

Locate hutunza orodha ya majina ya faili tu. Kwa kawaida orodha hiyo husasishwa mara moja kwa siku, hivyo hati iliyohifadhiwa leo huenda isionekane hadi kesho. Grep hupekua maandishi ya kila faili upya, lakini haioni maneno yaliyo ndani ya hati za LibreOffice, kwa sababu hizo huhifadhiwa zikiwa zimebanwa.

Kundi jingine hutengeneza faharasa ya maneno yaliyomo. KDE hutumia Baloo tangu mwaka 2014. GNOME hutumia Tracker, iliyopewa jina la LocalSearch mwaka 2024. Recoll hufanya kazi katika mazingira yote mawili.

Ugumu uko kwenye sarufi. Recoll hutambua minyambuliko ya lugha kadhaa, kama vile Kiingereza na Kifaransa, ambazo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hakimo. Kwetu neno hubadilika mwanzoni pia: mtihani, mitihani, ameandika, tuliandika. Mwalimu wa Temeke anayetafuta "mtihani" hataletewa hati yenye "mitihani" peke yake, na anaweza kudhani imepotea.

Katika Recoll dawa yake ni kinyota: *tihani huleta umoja na wingi, na *andik* huleta nyakati zote za kitenzi. Kinyota cha mwanzoni huchelewesha jibu, maana programu hulazimika kupitia orodha nzima ya maneno. Locate na grep hazihitaji kinyota, "tihani" hutosha.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini menyu iliyotafsiriwa haiipi programu ujuzi wa ngeli.

Karatasi zilizoskaniwa ni picha tu, hivyo hazitafutiki mpaka zisomwe kwanza na programu kama Tesseract, ambayo ina data ya Kiswahili. Kwenye kompyuta ya zamani yenye diski ndogo, inafaa kuiruhusu Recoll ipitie folda ya hati peke yake, kwani faharasa inaweza kukaribia ukubwa wa hati zenyewe.