Madoa meusi usoni: kwa nini hubaki, na kwa nini krimu ya haraka huyazidisha

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha afya, swali la madoa halikosi. Dada alikuwa na chunusi, chunusi zimeondoka, weusi umebaki. Mama amejifungua, mtoto ana mwaka sasa anatembea, na mashavu ya mama bado yana mabaka kama ramani. Kaka akinyoa ndevu, kidevu kinajaa vipele na kila kipele kinaacha alama. Na swali huishia pale pale: nipake nini yaondoke haraka?

Tuanze na doa lenyewe. Rangi ya ngozi inatokana na kitu kinachoitwa melanini, ambacho hutengenezwa na chembe maalumu zilizomo ndani ya ngozi. Idadi ya chembe hizo kwa Mpemba na kwa Mzungu inakaribiana. Tofauti ni kuwa zetu hufanya kazi zaidi, na kazi yake ni kutukinga na jua. Ngozi ikiumia, iwe kwa chunusi, kuumwa na mbu, kuungua mafuta ya moto au kukwaruzwa, chembe hizo hushituka na kumwaga melanini nyingi pale palipoumia. Kidonda kinapona, rangi inabaki. Kwa hiyo ngozi ile ile inayotukinga vizuri ndiyo inayoweka alama kwa wepesi.

Rangi ikibaki juu juu, doa huwa la kahawia, na kwa kawaida hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, kwa sababu ngozi ya juu hujibadilisha kidogo kidogo. Ikizama chini, doa huwa la kijivu au linaelekea rangi ya samawati, na hilo linaweza kukaa miaka. Ndiyo maana watu wawili wanaopaka dawa moja wanapata majibu tofauti, na ndiyo maana ushauri wa jirani hauaminiki sana katika jambo hili, hata kama jirani mwenyewe ana nia njema.

Mabaka ya mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo yana hadithi yake. Hayo huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge na sindano za uzazi wa mpango, kwa sababu homoni huzichochea zile chembe za rangi. Kwa wengine hufifia baada ya kujifungua, kwa wengine hayaondoki. (Usiache uzazi wa mpango kwa sababu ya doa kabla ya kuzungumza na muuguzi, zipo njia zisizo na homoni.) Lakini homoni peke yake haitoshi, jua ndilo linalomalizia kazi. Na sisi jua tunalo. Mwanamke wa Ole anayeanika karafuu kwenye majamvi, akizigeuza na kuzichambua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, anapigwa na jua la juu. Mkulima wa mwani anapigwa mara mbili, la juu na lile linaloakisiwa na maji na mchanga. Akirudi nyumbani anainama juu ya mafiga, na joto la moto nalo linatajwa na madaktari wa ngozi kuwa ni kichochezi cha mabaka haya. Mtu wa namna hii akipaka dawa usiku na mchana akarudi juani uso wazi, ni sawa na kukumba maji chomboni huku tundu halijazibwa.

Kuna weusi ambao si doa hata kidogo. Weusi mnene wa shingoni na kwapani, unaoguswa kama mahameli, mara nyingi ni dalili kuwa mwili hauitumii vizuri homoni inayoratibu sukari. Watoto wetu wanasuguliwa kwa dodoki mpaka wanalia, wanaambiwa hawaogi, na kumbe shingo haina taka. Mtu wa hivi apimwe sukari na uzito wake uangaliwe. Kusugua kunazidisha weusi.

Na kuna mabaka meupe. Yakiwa madogo mengi kifuani na mgongoni, yenye magamba membamba, huenda ni utangotango, fangasi wa kawaida wanaotibika, ingawa rangi huchelewa kurudi hata fangasi wakishakufa. Lakini baka lililopauka, lisilowasha, na ukiligusa husikii vizuri, hilo usilipake chochote. Nenda hospitali, kwa sababu ukoma huanza hivyo. Dawa yake hutolewa bure, na anayetibiwa mapema hapati ulemavu.

Sasa ndimu. Wengi tumeambiwa kuwa ndimu husafisha uso. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha zikakutana na jua huiunguza ngozi, wakati mwingine mpaka malengelenge, na panapopona panabaki weusi mkubwa kuliko ule uliokuwa ukiutibu. Ndimu ibaki kwenye mchuzi wa pweza.

Liwa, msio na singo sizilaumu. Ni mapambo ya mama zetu na yana heshima yake, na hakuna aliyeharibika kwa kunukia vizuri. Isipokuwa karafuu ina mafuta makali. Ngozi yenye chunusi au iliyochubuka ikisuguliwa msio wa karafuu inaweza kuwaka, na pakiwaka, doa linafuata. Bibi harusi akisema panamchoma, somo wake aache pale pale, amuoshe kwa maji.

Hapo kwenye harusi ndipo hatari ya kweli inapoingia. Wiki mbili kabla ya shughuli, mtu analetewa kikopo kisicho na jina, au kina jina zuri lakini hakina orodha ya vilivyomo. Ni mkorogo, kila mkorogaji na siri yake. Siku ya tano uso umelainika na kung'aa, na kila mtu anasifu. Kinachofanya kazi hapo mara nyingi ni kimoja kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni steroidi kali, kama clobetasol na betamethasone, dawa halali za ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, ambazo hazikukusudiwa kupakwa uso mzima kila siku. Kwa muda zinafanya ngozi iwe nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na vinyweleo vinatoka, na kidonda kinachelewa kupona. Ukiacha ghafla uso unawaka moto, kwa hiyo unarudi kwenye kikopo. Ndivyo mtu anavyofungwa.

Cha pili ni haidrokwinoni. Katika nchi nyingine daktari humuandikia mgonjwa kwa kipimo na kwa miezi michache, akimfuatilia. Ikipakwa ovyo kwa miaka, huleta weusi wa samawati wenye vijichembe ambao ni vigumu mno kuutoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakijichubua, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku kwenye vipodozi. Yaani mtu alianza kwa kutafuta weupe na akamalizia na weusi usiofutika.

Cha tatu, na hiki ndicho kinachonitia hofu zaidi, ni zebaki. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama inafika kwa mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Huo ni zaidi ya nusu karne iliyopita. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi ziache vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni ifikapo 2020, na mwaka 2023 huko Geneva kikomo hicho nacho kikaondolewa, ikabaki marufuku moja kwa moja. Zanzibar tuna Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi namba 2 ya mwaka 2006, na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, ndiye msimamizi. Lakini kisiwa hakina ukuta, na kikopo hakipigi hodi bandarini.

Kuitambua zebaki kwa macho huwezi, ila lebo hutoa siri. Tafuta maneno "mercury", "mercurio", "calomel", "mercurous chloride" au "ammoniated mercury". Na ukisoma onyo kuwa krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, iache. Kitu kinachoharibu bangili yako hakifai kwenye shavu lako.

Basi tiba ni ipi? Kwanza zima chanzo. Chunusi zitibiwe zisiendelee kutoka, usizitumbue, na anayeota vipele kwa kunyoa apunguze kwa mashine bila kukwangua mpaka chini. Pili ni jua. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, ya kutosha uso na shingo, yarudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa mabaka ya mashavuni, yale yenye rangi ya ngozi ni bora, kwa sababu huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana. Najua bei yake si ya kila mtu. Mtandio ulioshushwa, kofia pana ya ukindu na kuanika karafuu kwa zamu ili mtu mmoja asishinde juani, hivyo havigharimu kitu.

Dawa za kupaka zipo, kama asidi ya azelaiki, ambayo hata mjamzito anaweza kuandikiwa, na zile za jamii ya retinoidi, ambazo mjamzito hazitumii. Zote zinataka subira ya miezi miwili mitatu kabla hujaona tofauti, na zikiwasha sana ni dalili ya kupunguza, si ya kuongeza.

Aliyekwisha zoea mkorogo asiuache kimya kimya kwa aibu. Kutoka Ole, Chake Chake ni upande mmoja wa barabara na Wete upande mwingine, na hospitali zipo kote kuwili. Nenda na kikopo chenyewe, hata kama kimebaki kitupu, na mwambie daktari umekipaka kwa muda gani, wapi, na kama unanyonyesha, ili apange namna ya kukupunguzia taratibu na aone kama mkojo na figo vinahitaji kupimwa.