Kutu Katika Matangi ya Pikipiki

Mkaazi wa kisiwani hahitaji kufundishwa kutu ni kitu gani. Huiona kila siku katika mapaa ya bati na katika bawaba za madirisha. Lakini iko kutu isiyoonekana, nayo ni ile inayolila tangi la petroli kutokea ndani. Tunaizungumza leo kwa sababu pikipiki na vespa katika Unguja na Pemba si vyombo vya anasa. Ndivyo vinavyomfikisha bwana shamba kwa wakulima, mkunga kwa mzazi na mchuuzi wa samaki sokoni kabla bidhaa yake haijaharibika.

Asili ya maradhi haya ni maji. Tangi lililo nusu tupu huvuta pumzi: mchana hewa iliyomo hupata joto na kutoka, usiku hupoa, ikaingia nyingine yenye unyevu wa bahari, na unyevu huo ukageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka chini kabisa na kukaa juu ya bati. Hatimaye vumbi jekundu huteremka katika kabureta, vitundu huziba, na chombo huzimika njiani. Fundi husafisha kabureta na kulipwa. Wiki ya pili mambo huwa yale yale, kwani tangi halikuguswa.

Tiba yenyewe si ghali. Tangi livuliwe, limwagwe petroli yote mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, kisha liondolewe koki na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Kutu nene ikwanguliwe kwa kutia ndani nati safi zilizohesabiwa (zihesabiwe tena zinapotoka!) na kulitikisa. Baadaye lijazwe siki nyeupe na kuachwa kutwa na kucha, au siku mbili. Siki isiigusie rangi ya nje. Wako wanaopendelea maji ya betri kwa kuwa ni ya haraka. Sisi hatuwaungi mkono, maana asidi ile hula chuma kizima pamoja na kutu, na huunguza macho na mikono.

Siki ikishamwagwa, tangi lisuuzwe kwa maji yaliyoyeyushwa magadi ili kuua ukali uliobaki, kisha kwa maji safi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Chuma kilichotoka katika siki ki uchi, na kikiachwa na unyevu hushika kutu mpya siku ile ile. Likaushwe mara moja juani au kwa hewa ya moto, likorogwe ndani kwa mafuta ya injini yaliyochanganywa na petroli kidogo, yamwagwe, ndipo lijazwe petroli. Tangi lililotoboka lisipelekwe kuchomelewa kabla ya kuoshwa mpaka harufu iishe kabisa. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na cheche moja hulipasua.

Kuhusu kinga, chombo kinachotumika kilazwe kikiwa na tangi lililojaa, mpira wa kifuniko ukaguliwe kabla ya masika, na maji ya kuoshea yasielekezwe kifunikoni. Wauzaji nao wasiyasimamishe mapipa ya petroli mvuani, kwani maji hutuama juu yake na kunyonywa ndani kupitia kizibo pipa linapopoa. Yalazwe ubavu au yainamishwe.

Kwa maofisa wa usafiri tuna neno mahsusi. Pikipiki ya umma inayosubiri kipuri kwa miezi haina faida ya kujazwa petroli, maana petroli nayo huchacha. Imwagwe, tangi lipakwe mafuta ya injini ndani, lifungwe vizuri, na tarehe iandikwe katika daftari la chombo hicho. Kazi hii haimalizi hata saa moja, ilhali tangi jipya hulipiwa kwa fedha za wananchi na husubiriwa kuvuka bahari.

Tena petroli chafu isimwagwe nyuma ya gereji. Mawe yetu ya matumbawe hupitisha kila kinachomwagwa juu yake, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka chini ya mawe hayo hayo.