Mtoto Yuko Buloko: Masomo Yake Yamekwisha?

Mzazi wa Kimemi, nawe kijana unayesoma ukurasa huu huko kwenye machimbo ya dhahabu, leo tuongee jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini.

Mtoto wa miaka 16 amekamatwa. Pengine ni simu ya mtu, pengine ni mapigano ya usiku. Majirani wanasema: yule alishapotea. Baba mkubwa anauliza: tutamlipia masomo ya nini tena? Zuzi hajasema hata neno moja, na sisi wa nyumbani tumekwisha kukata maneno.

Ujue basi kwamba sheria ya inchi haisemi hivyo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda mtoto, inasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Wa miaka 14 mpaka 18 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, si ile ya wakubwa. Huko zuzi anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, au kumweka katika jamaa nyingine ya kuaminika, au katika nyumba ya malezi. Angalia ile njia ya kwanza: mtoto akirudi kwenu, kesho yake anaweza kukaa tena darasani.

Kwa hiyo, Mama, usibaki nyumbani kwa haya. Enda na cheti chake cha kuzaliwa. Kama hakipo, tafuta karata ya ubatizo, maana kijana mrefu asiye na karata ni rahisi kuhesabiwa mtu mzima. Omba pia barua ya prefe wa masomo kwamba nafasi yake ingalipo. Hapo zuzi anapata kitu cha kushika mkononi.

Na kama anabaki ndani? Ekzameni ya Leta haikuwekwa kwa wanafunzi wa darasani peke yao. Aliyejisomea mwenyewe, yule anayeitwa otodidakte, anaweza kuifanya pia, akipita kwanza mtihani wa kuchuja. Akipata 50 kwa mia, hiyo ni Diploma ya Leta sawa na ya wengine, na ndiyo inayofungua mlango wa chuo kikuu, hata kile cha Graben hapa Butembo, ambacho Askofu Kataliko alikianzisha mwaka 1989. Tena kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 juu ya vijana waliofungwa zinataka diploma isionyeshe hata kidogo kwamba mtu aliipata akiwa kifungoni.

Utasema: hayo ni ya Ulaya. Hapana. Hapo Uganda tu, Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alisoma sekondari ndani ya gereza la Luzira, kisha akasoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London. Alitoka mwaka 2016.

Kijana, neno moja kwako. Gereza la Kangbayi kule Beni lilivunjwa Oktoba 2020, na la Kakwangura hapa kwetu Agosti 2022, mamia walikimbia. Mlango wazi unavuta, ninafahamu. Lakini aliyekimbia faili yake inabaki kwa zuzi, naye anaogopa hata kujiandikisha masomoni kwa jina lake. Wengi wa namna hiyo huishia shimoni kutafuta dhahabu.

Ninyi vijana wa kwaya, mnapeleka sabuni na unga gerezani, ni vizuri. Safari nyingine muongeze madaftari, kalamu, na yale maswali ya ekzameni za miaka iliyopita ambayo yamelala chini ya vitanda vyenu. Ombeni ruhusa kwanza kwa mkubwa wa gereza. Na aliyefika mwaka wa sita wa hesabu, akae na wale watoto saa moja, awafundishe.