Majiko ya Zamani ya Nyama Choma: Tuyatumie au Tuyatunze?

Na Mratibu wa Miradi, Dayosisi

Katika ziara za kukagua miradi sharikani, swali moja limekuwa likijirudia. Katika stoo ya nyumba ya zamani ya misheni, nyuma ya mabati na viti vilivyovunjika, kuna jiko la mkaa la duara, lenye mfuniko na miguu mitatu, lililoachwa na familia ya wamisionari kutoka Marekani. Je, lifanyiwe nini?

Majibu huwa matatu. Kikundi cha wanawake kinalitaka kwa ajili ya kuchomea nyama na kuuza siku ya mavuno. Wazee wanasema ni kumbukumbu, lisiguswe. Mweka hazina naye amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo na kulipa papo hapo. Kila upande una hoja yake, na mara nyingi mjadala huisha pale mnunuzi anapofika na mizani yake. Makala hii inaeleza majiko haya ni nini, kwa nini yapo yenye thamani kuliko uzito wake, na namna baraza la wazee linavyoweza kufikia uamuzi mzuri.

Majiko haya yalitoka wapi?

Jiko la duara lenye mfuniko lilibuniwa mwaka 1952 na Bw. George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya chuma ya Weber Brothers Metal Works, Chicago. Karakana hiyo ilikuwa ikitengeneza maboya ya chuma ya kuelea majini. Stephen alichoshwa na majiko ya wazi ya wakati ule, ambayo upepo ulipeperusha majivu juu ya nyama na mvua ilizima moto. Akachukua boya, akalikata nusu mbili, nusu ya chini akaiwekea miguu mitatu, na nusu ya juu akaifanya mfuniko wenye matundu ya hewa. Kutokana na mfuniko huo, joto huzunguka na nyama huiva pande zote. Vilevile, ukifunga matundu yote, moto hufa na mkaa uliobaki hutumika siku nyingine.

Majiko ya Weber hupakwa enameli, yaani ule utando mgumu unaong'aa kama wa sahani na vikombe vya bati vya zamani, unaoyeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali sana. Ndiyo sababu jiko la miaka hamsini linaweza kuonekana jipya likipanguswa vumbi.

Zipo aina nyingine pia. Portable Kitchen, lililoanza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, ni la aluminiamu nzito ya kumimina na halishiki kutu. Kamado, jiko la udongo lenye umbo la yai, lina asili ya Japani; wanajeshi wa Marekani waliyapeleka kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Yapo pia majiko madogo ya chuma cha kumimina ambayo Wamarekani huyaita hibachi.

Katika nchi yetu, wamisionari wa Kilutheri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani walifanya kazi Iramba na Singida tangu miaka ya 1920, na wengine waliwafuata baada ya KKKT kuundwa mwaka 1963. Familia hizo zilikuja na vyombo vyao vya nyumbani, na waliporudi kwao vingine vilibaki. Isitoshe, uhusiano wa sharika zetu na sharika rafiki za Marekani umeendelea kuleta wageni na vifaa hadi leo.

Kwa nini wapo wanaoyakusanya?

Huko Marekani jiko la nyama choma lilikuwa chombo cha kawaida kama pasi ya mkaa ilivyokuwa kwetu. Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nalo, hakuna aliyeona sababu ya kulitunza. Lilitumika, likaoza, likatupwa. Ndivyo chombo cha kawaida kinavyogeuka kuwa adimu.

Wakusanyaji hawatafuti uzee peke yake. Huangalia kama jiko lina vipande vyake vya asili: wavu, miguu, magurudumu, sahani ya majivu na mishikio. Huangalia rangi, kwa sababu meusi ni mengi, lakini ya rangi kama njano, buluu au kahawia ni machache. Kwa majiko mengi ya Weber, herufi zilizogongwa kwenye kizibo cha tundu la hewa juu ya mfuniko huonyesha mwaka lilipotengenezwa.

Hata hao wakusanyaji hawafungi kila jiko kabatini. Wengi wana jiko jeusi la kawaida wanalolitumia kila wiki, na jingine adimu wanalolitunza. Wanajua kwamba enameli ikishabanduka hairudi. Wavu unanunulika, mguu unachongeka, lakini utando wa asili ukienda umekwenda.

Somo la mana

Sisi tunaongozwa na uwakili, na Biblia ina mfano unaofaa sana hapa. Katika Kutoka sura ya 16, wana wa Israeli walipewa mana ili waile. Waliojiwekea akiba kwa kukosa imani waliikuta asubuhi imeingia mabuu na kunuka. Lakini katika sura hiyohiyo Musa aliamriwa ijazwe pishi moja na kutunzwa, ili vizazi vijavyo vione chakula ambacho Mungu aliwalisha baba zao jangwani.

Angalieni uwiano huo. Mana iliyobaki yote ilikuwa ya kuliwa. Iliyotunzwa ilikuwa pishi moja, tena kwa sababu iliyotajwa wazi. Hivyo basi, kanuni tunayopendekeza ni hii: chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kulisha watu kilishe watu, isipokuwa kile ambacho kikitumika tutapoteza habari tusiyoweza kuipata tena.

Maswali manne kabla ya kuamua

1. Je, tunajua habari zake? Nani alikuja nalo, mwaka gani, na nani alipikia? Mara nyingi tunalikumbuka jina la mmisionari tu. Lakini aliyewasha mkaa na kugeuza nyama alikuwa mpishi wa nyumba ile, baba au mama wa hapahapa kijijini, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote. Kama yeye au wanawe wako hai, jiko hilo lina habari, na habari hiyo iandikwe wiki hii, si mwaka ujao.

2. Je, limekamilika? Jiko lenye mfuniko wake, mishikio ya asili na enameli nzima ni la kufikiriwa kutunzwa. Lililobaki bakuli tu, limetoboka chini na mfuniko haujulikani ulipo, halina cha kuhifadhi.

3. Je, tuna jingine la namna hiyo? Kama sharika tatu jirani zina majiko manne yanayofanana, lichaguliwe moja lililo zima zaidi, na mengine yatumike.

4. Je, tuna mahali na mtu wa kulitunza? Kuliacha kwenye stoo inayovuja si kulitunza. Huko ni kuliozesha polepole. Kama hakuna mahali pakavu wala mtu mwenye jukumu hilo, ni afadhali litumike, au likabidhiwe kwa maandishi kwa ofisi ya jimbo au dayosisi.

Tuchukue mfano. Usharika una majiko mawili ya duara. La kwanza ni jeusi, limebanduka enameli pembeni, mshikio umebadilishwa, na hakuna anayejua lilifikaje. La pili ni la kijani, zima, na mzee mmoja anakumbuka lilipikiwa siku nyumba ya mchungaji ilipofunguliwa. La kwanza wapewe kikundi cha wanawake bila kusitasita. La pili lisafishwe, liandikiwe habari zake na kuwekwa ofisini. Hapo mana imeliwa, na pishi moja limehifadhiwa.

Likitumika, litumike kwa usalama

- Liwashwe nje daima. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na jiko lenye mfuniko halipunguzi hatari hiyo. Mvua ikinyesha, kamwe lisiingizwe ndani likiwa na moto, wala lisilazwe chumbani eti limepoa.
- Wavu uliooza usibadilishwe kwa wavu wa madini ya zinki wala rafu za friji ya zamani. Madini yaliyopakwa juu yake yanaweza kutoa sumu yakipata moto mkali. Mwombeni fundi atumie nondo nyembamba zisizopakwa kitu, au chuma cha pua.
- Enameli ikiwa ya moto isimwagiwe maji baridi. Itapasuka na kubanduka, na kutu itaanzia hapo.
- Enameli inayomeguka sehemu ya ndani, juu ya chakula, ikwanguliwe kabla ya kupika, ili vipande visiangukie nyama.
- Majivu yaondolewe kila baada ya matumizi, yakishapoa kabisa. Majivu yakilowa hula chuma haraka, na majiko mengi hutobokea chini kwa sababu hiyo.

Aidha, kikundi kiwe na daftari la jiko: nani amelichukua, siku gani, na limerudi likiwa katika hali gani. Chombo cha wote kisicho na daftari huwa hakina mwenyewe.

Likitunzwa, litunzwe kweli

Kutunza hakuna gharama kubwa. Jiko lioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini, kisha likaushwe kabisa. Lisipigwe msasa wala kupakwa rangi mpya. Watu wengi hupaka rangi kwa nia njema, kumbe ndipo wanapofuta umri wake. Sehemu zenye kutu zipakwe mafuta kidogo ya kula au ya mashine. Wavu na mishikio ya asili, hata ikiwa imevunjika, ifungwe pamoja na jiko. Lisikae juu ya sakafu yenye unyevu; liwekwe juu ya ubao.

Muhimu kuliko yote ni karatasi. Andikeni ukurasa mmoja: chombo ni nini, kilitoka wapi, nani walikitumia, nani ametoa habari hizi na lini. Nakala moja ikae na jiko, nyingine iingie kwenye orodha ya mali ya usharika. Jiko lisilo na karatasi hiyo, baada ya kizazi kimoja, ni chuma tu, na mwenye mizani atakuwa amesema kweli.

Je, tuuze?

Kuuza si dhambi, na pengine usharika una paa linalovuja. Lakini mali ya usharika haiuzwi na mtu mmoja. Uamuzi upite katika baraza la wazee na uandikwe kwenye muhtasari. Kama chombo kinafaa kutumika, kipelekwe kwanza kwenye mnada wa usharika, ambako mnunuzi atalipa bei ya jiko na si bei ya kilo za chuma. Chuma chakavu kiwe hatua ya mwisho, kwa lile lisilofaa kupikia wala kutunza.

Siku zinazokuja

Kuna sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili sasa. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Dayosisi inaunga mkono kazi hiyo, kwa sababu misitu yetu inakatwa kwa ajili ya mkaa na mama zetu wanaumwa vifua kwa moshi. Hivyo, jiko la usharika linalotumika siku ya mavuno au kipaimara lisiwe kisingizio cha kurudi kwenye mkaa kila siku.

Lakini mkaa ukipungua, vyombo vyake navyo vitatoweka: jiko la bati la fundi wa mtaani, jiko la udongo, pasi ya mkaa iliyonyoosha kanzu za kwaya. Leo hatuvioni kuwa kitu, kama Wamarekani walivyoyaona majiko yao ya miaka ya 1950. Ni vema kila usharika uchague kimoja kimoja kilicho kizima, ukiandikie habari zake na kukiweka. Vingine vyote viendelee kufanya kazi hadi vitakapochoka.

Tunawaomba wachungaji, wainjilisti na mabaraza ya wazee waliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na kabla ya kikao wapite stoo wakiwa na daftari na kalamu. Wapite pia kwa wazee waliowahi kupika katika nyumba zile, kwa maana jiko linaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi, lakini wao hatujui siku zao.

Mungu awabariki katika uwakili wenu.