Mguu una habari gani? Namna ya kupima klachi ya gari la spoti lililotumika

Foleni ya magari kuelekea Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka kati ya Gisenyi nchini Rwanda na Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mtihani mgumu kwa klachi. Dereva husogea mita chache, husimama, kisha husogea tena. Anayeelekea upande wa pili, kwenye barabara ya Musanze, hupokewa na milima. Gari la spoti la gia za mkono lililokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa huonyesha siri zake mahali kama hapa: kanyagio huwa zito mno, au laini kama sifongo, au hutetemeka chini ya unyayo.

Kwa mnunuzi, jambo hili si dogo. Ili kubadilisha klachi, fundi hulazimika kuteremsha giaboksi, na vipuri vya magari ya spoti havipatikani katika kila duka. Gari likishalipiwa ushuru na kuandikishwa, kulirudisha kwa muuzaji ni vigumu. Ndiyo maana inafaa kujua mguu unasema nini kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Klachi hufanyaje kazi?

Klachi, ambayo mafundi waliozoea Kifaransa huiita ambreyaji, ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Ndani yake mna pleti yenye kitambaa kigumu cha msuguano. Pleti hiyo hubanwa na presha pleti dhidi ya flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Ukikanyaga, masta silinda husukuma maji ya klachi kwenye bomba hadi silinda ndogo iliyo karibu na giaboksi; nayo husukuma beringi inayolegeza presha pleti. Pleti huachiwa, na gia huingia bila kukwaruza. Magari mengine hutumia waya badala ya maji.

Kwa hiyo kasoro yaweza kuwa katika sehemu mbili: njia inayopeleka nguvu ya mguu, au klachi yenyewe. Ya kwanza mara nyingi hutengenezwa bila kushusha giaboksi. Ya pili ndiyo yenye gharama kubwa.

Kanyagio laini au linalozama

Kanyagio likizama bila upinzani, likanyage mara kadhaa mfululizo. Likipata nguvu na gia zikaanza kuingia vizuri, yawezekana kuna hewa kwenye bomba, au silinda inavuja ndani. Fungua boneti utazame kiwango na rangi ya maji: yakiwa meusi au yamepungua, tafuta unyevu kwenye silinda na kwenye ukuta ulio nyuma ya kanyagio. Magari mengi hutumia chombo kimoja kwa maji ya klachi na ya breki, hivyo upungufu huo usipuuzwe hata kidogo.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika. Rwanda na Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Gari lililohamishwa usukani karakanani huenda limehamishwa pia masta silinda na mabomba yake. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, hewa hunaswa ndani na mguso hubadilika. Muulize muuzaji waziwazi.

Kanyagio zito

Uzito hauna maana ya ubovu nyakati zote. Mwenye gari la spoti huweza kufunga presha pleti yenye springi kali ili ihimili injini iliyoongezwa nguvu. Lakini ikiwa gari halijawahi kubadilishwa kitu, uzito unaozidi waweza kuashiria pleti iliyolika, beringi iliyokauka au waya uliopata kutu. Vilevile baadhi ya magari ya BMW yana kizuizi kidogo kwenye njia ya maji kinachochelewesha klachi kurudi. Dereva mgeni huhisi kama kuna hitilafu, kumbe gari liliundwa hivyo.

Majaribio manne kabla ya kuamua

Kwanza, ondoa zulia chini ya kanyagio. Zulia nene huzuia kanyagio kufika mwisho, na kasoro yote ikawa ni hiyo tu.

Pili, injini ikiwa katika mzunguko wa chini, kanyaga hadi mwisho, ngoja sekunde chache, kisha tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii kikamilifu.

Tatu, kwenye barabara tupu na salama, endesha kwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kisha ongeza mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukiruka huku mwendo hauongezeki, pleti inateleza. Jaribio hili lina uzito kuliko kutazama mahali klachi inaposhika, kwa kuwa katika mifumo mingi ya maji mahali hapo hapabadiliki sana hata pleti inapolika.

Nne, sikiliza gari likiwa limesimama bila gia. Sauti inayoanza unapokanyaga huelekeza kwenye beringi ya klachi. Inayotoweka unapokanyaga mara nyingi hutoka kwenye beringi ya giaboksi. Gari likitetemeka linapoondoka, huenda pleti imeingiwa na oili, flaiwili imeungua, au mipira inayoshikilia injini imechoka.

Dalili ya mvua ni mawingu

Pleti inayoteleza haiponi yenyewe. Gari linaloteleza kidogo kwenye tambarare kando ya Ziwa Kivu laweza kushindwa kabisa kupanda mlima likiwa na abiria na mizigo. Lile ambalo klachi yake haiachii laweza kukwama katikati ya foleni ya mpakani, gia zikigoma kuingia huku malori yakisubiri nyuma yake.

Basi nenda na fundi wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji, na ulijaribu gari likiwa baridi na pia likiwa limepata moto. Muuzaji akikataa gari lisijaribiwe mlimani, hilo nalo ni jibu.